Maswali Yenu: Fowili Inazama Kwenye Theluji

SWALI: Nina pikapu ya fowili. Kwenye njia za porini zenye theluji, kila nikikanyaga mafuta inazama badala ya kusonga. Nifanyeje?

JIBU: Toa mguu kwenye mafuta, ndugu yangu. Tairi likizunguka bila kusogea linachimba shimo tu, na theluji ya chini inasuguliwa hadi inakuwa barafu. Tumbo la gari likishalalia theluji, hata fowili haina la kufanya. Ukiona gari limeanza kusita, simama, rudi nyuma taratibu kwenye alama zako mwenyewe, ndipo ujaribu tena. Kabla ya kuingia punguza upepo: kama kawaida unajaza paundi 35, shusha hadi 20 hivi, tairi lilale na kushika eneo kubwa zaidi. Beba pampu ya kujazia ukirudi lami. Mteremkoni weka gia nzito, injini ilizuie gari.

Na hili nakusihi sana: ukikwama huku injini inawaka, shuka ufukue theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, gesi ya sumu isiyo na harufu huingia ndani na kuua watu waliojifungia wakiota joto. Koleo likae unapolifikia bila kushusha mizigo, na muwe magari mawili.