Madogo wa databesi, iulizeni seva jina lake kwanza

Kuna dogo hapa ofisini siku ya pili anahangaika kuseti replikesheni (kunakili data kutoka seva moja kwenda nyingine) kwenye SQL Server, databesi ya Microsoft, inamwambia inataka jina halisi la seva, yeye anabadilisha paswedi. Paswedi imekosa nini jamani? Haya, kaeni hapa.

1. Kabla hujagusa kitu, run SELECT @@SERVERNAME, SERVERPROPERTY('ServerName'). Yakitofautiana, ugonjwa umeupata. La kwanza linatoka kwenye sys.servers, orodha ya seva ndani ya SQL Server yenyewe, liliandikwa siku ya instolesheni, la pili linafuata jina la Windows. Ukibadilisha jina la mashine, la kwanza halina habari.

2. Ukikloni mashine, yaani kuinakili nzima nzima, ogopa. Mimi nilikuwa na miaka miwili kazini, najiona nimeiva. Tukaikloni prodakshen, seva ya kazi halisi, tupate seva ya majaribio, nikabadilisha jina la Windows, nikaristati, ikapingika (ikajibu kwenye netiweki), nikaenda zangu chai. Sasa ile skripti ya bakapu, niliyoiandika mwenyewe na kujisifia, ilikuwa inatunga jina la folda kwa @@SERVERNAME na faili inaandikwa WITH INIT, ya jana inafutwa ya leo inakaa. Mmeshaona inakoelekea eeh? Na job zote, zile kazi zinazojiendesha kwa ratiba, zilikuja na kloni. Prodakshen inabakapu saa sita usiku, ya majaribio nikajifanya mstaarabu nikaisogeza saa nane wasigombanie netiweki, folda ile ile, jina lile lile. Siku kumi na moja! Kila asubuhi job zote kijani, natembea kifua mbele. Mpaka mtu wa mishahara akafuta jedwali akaja kuomba data ya jana, nikamrudishia, tukafungua tukakuta ni data ya majaribio, wafanyakazi wote wanaitwa Testi Testi, mshahara shilingi 1. Databesi ilikuwa simple recovery kwa hiyo hata bakapu ya log (kumbukumbu ya kila badiliko) ya kuniokoa hakuna. Mama wa uhasibu aliniangalia tu hakusema kitu, bora angenitukana. Siku tatu tunaingiza mishahara kwa mkono kutoka kwenye makaratasi, yeye anasoma mimi nataipu, na chai nanunua mimi.

3. Dawa: sp_dropserver 'LAZAMANI', kisha sp_addserver 'JIPYA', 'local'. Ukisahau hiyo local, @@SERVERNAME itakurudishia NULL. Instansi (SQL Server iliyoinstoliwa kwenye mashine) yenye jina andika MASHINE\INSTANSI, kila siku kuna mtu anasahau nusu ya pili.

4. Kosa 15190 maana yake kuna logini za rimoti au za linked server (seva nyingine iliyounganishwa na yako) zimebaki, zitoe kwanza. Kama replikesheni ipo tayari, iondoe kabla ya kubadilisha jina. Klasta, seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, usiiguse kwa njia hii, niite.

5. Maintenance plan (mipango ya matunzo ya databesi) nazo zikague, koneksheni yake inaweza kuwa bado inaita jina la zamani.

Na wewe dogo wa replikesheni, nimeona umerun sp_addserver tangu saa nne na bado unalalamika jina ni lile lile. Servisi umeiristati?