Ziara ya klabu ndogo Ulaya kwa bendi ya roki: jibu refu kwa mleta mada

Mkuu, kwanza hongereni. Umesema bendi yenu ya watu wanne kutoka Nairobi imealikwa kupiga wiki mbili kwenye klabu ndogo za Ujerumani, Austria na Uswisi, na umeuliza matatu: kuna pesa? Maisha ya njiani yakoje? Na je, mje na rafiki yenu mpiga picha? Mimi ni Mbongo, naishi Leipzig, napiga besi kwenye bendi ya huku ambayo ukiitaja nje ya mzunguko wetu hakuna anayeijua. Klabu za aina hiyo ndiko tunakopiga, kwa hiyo najibu kwa ninayoyaona. Habari za bendi zenye meneja na basi la vitanda waulize wengine.

Tuanze na pesa, maana najua ndiyo iliyokufanya uandike. Klabu inayojaa kwa watu 100 inakulipa kwa njia mbili: kiasi cha uhakika mlichokubaliana, au mgawo wa kiingilio. Mara nyingi ni mchanganyiko, kiasi kidogo cha uhakika na mlangoni kukizidi mnagawana. Chukulia mmeahidiwa euro 200, chakula na pa kulala. Gari la kukodi, lile kubwa la viti tisa lenye nafasi ya vyombo nyuma, litakula kama euro 90 kwa siku. Safari ya kilomita 350 inataka lita 35 za dizeli, ambazo ni karibu euro 60. Mmebaki na 50, ninyi wanne, na dereva hajala. Siku ya mapumziko, ambayo promota ataiita "siku ya kutembea mji", gari linaendelea kulipiwa na hakuna anayewalipa ninyi. Ndiyo maana bendi ndogo zinaomba kupiga hata Jumatatu na Jumanne kwenye baa ya watu 20. Siku tupu ni hasara kuliko onyesho bovu.

Pesa yenyewe iko kwenye meza ya fulana. Fulana moja ukiichapisha kwa euro 9 unaiuza 20. Ukiuza kumi usiku mmoja umepata 110, zaidi ya mara mbili ya kile kilichobaki kwenye malipo ya jukwaani. Wajerumani wa roki wananunua, tena wananunua kwa kusudi, wanajua hiyo ndiyo dizeli yenu ya kesho. Sahani za santuri pia zinatoka, ila ni nzito na zikisahauliwa garini juani zinapinda. Zichapisheni fulana hukuhuku. Mkizibeba kutoka nyumbani hizo ni bidhaa za biashara, na afisa forodha wa uwanja wa ndege haangalii kwamba mmezikunja ndani ya begi la nguo. Na meza iwe na mtu muda wote, hasa zile dakika kumi baada ya wimbo wa mwisho. Bendi nyingi muda huo zipo nyuma zinajipongeza, wateja wanavaa makoti wanaondoka.

Kuhusu kodi, Ujerumani inamkata msanii asiye mkazi asilimia 15 pamoja na nyongeza ndogo juu yake, lakini malipo yasiyozidi euro 250 kwa msanii mmoja kwa onyesho moja hayakatwi. Kwa viwango vyenu hamguswi. Promota akiwaambia amekata kodi, mwombeni karatasi. Ada ya hakimiliki kwa GEMA, chama kinachokusanya malipo ya watunzi wa muziki Ujerumani, analipa mwenye onyesho, ninyi mnajaza tu fomu ya nyimbo mlizopiga.

Viza mtaomba kwa barua ya mwaliko yenye tarehe na kumbi zote, na isemwe wazi kuwa ni maonyesho ya kulipwa. Msijiandike watalii. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, inawapitisha nchi zote tatu, Uswisi ikiwemo. Akitokea mtu akawashauri mrukie na London, hiyo ni viza nyingine kabisa.

Uswisi ina kichekesho chake. Mpaka wa watu umefunguka, mpaka wa mali umefungwa, kwa sababu iko Schengen lakini haiko kwenye Umoja wa Ulaya. Pasipoti huenda isitazamwe, ila fulana zitahesabiwa na mtazilipia kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya kule. Sisi vyombo tunavipitisha kwa karneti ya ATA, daftari linalotolewa na chemba ya biashara, ambamo kila kitu kimeandikwa hadi kebo, kwa uzito na thamani. Linagongwa mhuri unapotoka huku, unapoingia kule, na vivyo hivyo unaporudi. Mhuri mmoja ukikosekana unaweza kudaiwa kodi kana kwamba uliviuza. Kwa hiyo fikeni mpakani saa za kazi, kwenye kituo kinachoshughulikia mizigo. Halafu kuna stika ya barabara kuu, faranga 40, ni ya mwaka mzima hata kama mnapita siku moja. Austria wana ya siku chache. Ujerumani gari la namna hiyo halilipii barabara, ila mtalipa euro 1 kila mkienda chooni kwenye sheli za barabara kuu. Watu watano, dereva akiwemo, kwa wiki mbili, iwekeni kwenye bajeti, sitanii.

Sasa maisha yenyewe. Jukwaani mtakaa dakika 45. Muda uliobaki ninyi ni wapagazi na madereva. Mnaamka saa tatu, mnaondoka saa tano, mnafika saa kumi na moja jioni. Mnashusha vyombo, mnavifunga jukwaani, mnapima sauti, mnakula, mnasubiri. Kusubiri ndiko kunakochosha. Klabu zenye majirani zinataka kelele ziishe saa nne usiku, hapo mnafungua vyombo wakati watu bado wanataka kuongea nanyi. Mgawane kazi kabla ya safari: nani anapanga gari, nani anahesabu pesa na promota, nani yuko mezani. Anayepanga gari awe mmoja tu na asibishiwe. Gari likipangwa na watu wanne linapangwa mara nne.

Spika na dramu mtaazima za bendi ya mji ule, huo ni utaratibu wa kawaida. Lakini mpiga dramu aje na sahani zake za shaba (simbali), snea yake, yaani ile ngoma ndogo ya mbele yake, na pedali, maana hivyo haviazimwi. Wapiga gitaa waje na adapta za umeme, plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii huku.

Kulala ni chumba cha magodoro juu ya klabu, au sebuleni kwa mtu mwenye paka. Leteni mabegi ya kulalia. Beatles mwaka 1960 pale Hamburg walilazwa kwenye stoo ya sinema ya Bambi, kwa hiyo mkipewa godoro safi shukuruni. Gari liegesheni milango ya nyuma ikiwa imebana ukutani, na magitaa yalale na ninyi. Wezi wa vyombo wanajua vizuri gari la bendi linafananaje.

Chakula ni sufuria moja kubwa, mara nyingi haina nyama kabisa, maana klabu hizi nyingi zinaendeshwa na vijana wa kujitolea wasiokula mnyama. Dengu, wali, mkate. Ni kitamu, lakini siku ya sita mtaanza kuota nyama choma. Jumapili maduka yamefungwa, nunueni Jumamosi.

Kununiana kutakuwepo. Viti viwe vya zamu, hasa cha mbele, na kila mtu awe na vipokea sauti vyake. Mwenye kazi ya kuamua muziki wa garini ni dereva, basi. Dereva mtafute wa huku, kwa sababu huku mtu anapita kulia na kilomita 400 baada ya onyesho si mahali pa kujifunzia.

Rafiki yenu mpiga picha: kama yuko tayari kukaa mezani kuuza fulana kila usiku na kubeba spika ngazini, aje, kazi yake itafidia gharama ya safari yake. Kama ni picha tu, simu zenu zinatosha, na kiti chake kitabeba boksi mbili za fulana.