Mzio na sikukuu: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Mwanangu wa miaka tisa akila kamba huvimba midomo. Idd tunakwenda kwa mama mkwe Chumbageni, na huko mgeni asiyeonja huonekana ana dharau. Nimpe kidogo tu? – Mama wa Ngamiani

Usimpe, mama, hata kipande. Leo imevimba midomo, kesho laweza kuvimba koo. Kumpika kamba sana hakusaidii, kwani protini inayomdhuru inastahimili moto. Kaa na kambakochi nao ni wa kuepuka.

Mpigie mama mkwe kabla ya siku yenyewe: "Shikamoo mama, mjukuu wako kamba wanamdhuru, naomba umtengee chakula chake." Bibi akishajua, yeye ndiye atakayewazuia mashangazi wenye "mwonjeshe tu". Haya ya ugenini ndiyo inayonitia hofu kuliko kamba wenyewe. Uliza na mafuta pia: sambusa za nyama zikikaangwa kwenye karai lililotoka kukaanga kamba, hazimfai. Achotewe mapema, kabla vijiko havijahama sufuria.

Nina vidonge vya mzio, setirizini. Vinatosha mtu akizidiwa? – Msomaji, Pongwe

Kwa upele na muwasho, vinasaidia. Lakini akianza kuhema kwa shida, sauti ikakauka, akatapika mfululizo au akalegea, kidonge hakitamwokoa. Anahitaji sindano ya adrenalini, ya msuli wa paja, haraka. Mlaze chali, miguu juu. Ikiwa pumzi ndiyo inayombana, aketi. Asitembezwe wala asipakiwe bodaboda: tafuteni gari, mwende hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Akipata nafuu msikimbilie kurudi kwenye pilau, maana dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kula kitu kingine.

Mwaka jana nilipaka piko, siku ya tatu mkono ukatoka malengelenge. Mwaka huu nipake nyembamba? – Binti wa Makorora

Usipake kabisa, mwanangu. Piko nyeusi mara nyingi ina dawa ya kupaka nywele rangi, yenye kemikali iitwayo PPD. Ngozi ikishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote, kwa hiyo jihadhari na rangi nyeusi za nywele vilevile. Hina ya majani matupu hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia. Ukiambiwa ni hina na inatoka nyeusi kama makaa, vuta mkono wako.

Tulikula vibua watu watatu, sote nyuso zikawaka na mioyo ikaenda mbio. Tuache samaki? – Baba wa Sahare

Watatu kwa mpigo? Inaelekea si mzio. Vibua na jodari wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, kemikali ileile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, na kukaanga hakuiondoi. Nunueni waliowekwa barafu tangu kuvuliwa, na msiwaache mezani mchana kutwa. Pumzi ikibana, nendeni hospitali bila kubishana ni mzio au siyo.