Ni kweli, ilianzishwa na daktari

Uliyeuliza kama KC Masterpiece, ile sosi ya nyama choma, kweli ni ya daktari: ndiyo, tena daktari wa magonjwa ya akili ya watoto! Rich Davis, wa Kansas City, Marekani, aliianza 1977. Alikuwa pia na mseto wake wa haradali na kechapu, akauita Muschup (jina gani hilo jamani), ila sosi ya nyama choma ndiyo iliyoshika. Ni nzito, tamu, ina molasi, inaganda kwenye mbavu badala ya kuchuruzikia motoni. Ipake mwishoni tu, sukari huungua haraka. 1986 akawauzia Kingsford, wauza mkaa walio chini ya Clorox. Yaani sosi ikahamia kwa watengeneza jiki!