Masharti kabla ya mazungumzo: maswali yenu kuhusu Waisraeli na Waarabu

Safari hii nimekusanya maswali yanayogusa jambo moja: masharti ambayo Waisraeli na Waarabu huwekeana kabla hata ya kukutana.

Je, ni kweli Waarabu waliwahi kukataa katakata kuzungumza na Israel? (Msomaji, Morogoro)

Kwa kauli rasmi, ndiyo. Septemba 1967, miezi michache baada ya Vita vya Siku Sita, wakuu wa nchi za Kiarabu walikutana Khartoum wakatoka na hapana tatu: hapana amani na Israel, hapana kuitambua, hapana kujadiliana nayo. Miaka kumi baadaye Rais Anwar Sadat wa Misri akapanda ndege hadi Israel na kuhutubia bunge lao. Hakusubiri Sinai, ardhi ya Misri iliyotekwa vitani, irudishwe ndipo aende. Aliwaambia uso kwa uso kwamba anataka ardhi yote iliyotekwa mwaka 1967 pamoja na haki za Wapalestina. Mkataba ulisainiwa Machi 1979, na kufikia Aprili 1982 Israel ilikuwa imeondoka Sinai, ukiacha kipande cha Taba kilichorudi 1989. Sadat hakuiona siku hiyo, aliuawa Oktoba 1981.

PLO, chama cha ukombozi wa Wapalestina, ilikubaliwaje baada ya kukataliwa miaka yote ile? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kuzungukwa sana, na hapa ndipo pana somo kubwa. Mwaka 1975 Marekani iliiahidi Israel kwamba haitazungumza na PLO mpaka itambue haki ya Israel kuwapo na ikubali maazimio namba 242 na 338 ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, yanayodai amani kwa kurudisha ardhi na kwa mazungumzo. Mwaka 1986 Israel ikatunga sheria inayowakataza raia wake kukutana na maofisa wa PLO. Yasser Arafat, kiongozi wa PLO, alitamka maneno yaliyotakiwa huko Geneva, Desemba 1988, na Marekani ikaanza kuzungumza na watu wake Tunis, yalipokuwa makao yao. Hata hivyo, kwenye mkutano wa Madrid wa Oktoba 1991 Wapalestina waliingizwa ndani ya ujumbe wa pamoja na Jordan, bila jina la PLO, ingawa kila mtu ukumbini alijua maelekezo yao yanatoka Tunis.

Sheria ile ya 1986 ilifutwa Januari 1993. Septemba 9 mwaka huohuo Arafat na Waziri Mkuu wa Israel, Yitzhak Rabin, walibadilishana barua za kutambuana, baada ya miezi kadhaa ya mazungumzo ya siri nchini Norway. Tazameni mpangilio huo: kutambuana kulizaliwa na mazungumzo. Na barua zenyewe hazikulingana. PLO iliitambua dola. Israel ilitambua chama tu kuwa mwakilishi wa Wapalestina. Tofauti hiyo inawauma Wapalestina mpaka leo, na sioni namna ya kuwalaumu.

Kwa nini Wapalestina hung'ang'ania ujenzi wa makazi ya walowezi usimame kwanza? (Msomaji, Muscat)

Kwa sababu kila nyumba inayojengwa inapunguza kile kinachojadiliwa. Mwaka 1993 walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha Jerusalem Mashariki, walikuwa takriban 110,000. Kufikia 2000, baada ya miaka ya mazungumzo, walikaribia 200,000. Dai hilo naliona la haki kabisa. Lakini lilitumiwa vibaya mwaka 2010: Waziri Mkuu Netanyahu alikuwa amesimamisha sehemu ya ujenzi kwa miezi kumi tangu Novemba 2009, Rais Abbas wa Wapalestina akaja mezani Septemba, muda ukiwa unaisha. Ujenzi ukarudi, mazungumzo yakafa.

Israel inataka itambuliwe kama dola ya Kiyahudi. Kuna ubaya gani? (Msomaji, Kigali)

Misri na Jordan hazikudaiwa hivyo ziliposaini mikataba yao. Kwa Wapalestina jambo hilo linagusa wakimbizi wa vita vya 1948 na raia Waarabu wa Israel, ambao ni takriban mmoja kati ya watano. Lijadiliwe, lakini si kama ada ya kuingilia.

Kwetu, makubaliano ya Arusha ya 2000 yalisainiwa bila makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL, vita vikaendelea. Hamas je? (Msomaji, Bujumbura)

Umepiga penyewe. Mwaka 2006, Hamas iliposhinda uchaguzi, Umoja wa Mataifa, Marekani, Umoja wa Ulaya na Urusi ziliipa masharti matatu: iache ukatili, iitambue Israel, ikubali mikataba ya awali. Haikukubali. Sharti la kutoua raia naliunga mkono bila kusita, baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 na baada ya Gaza kuteketezwa, na liwabane wote wawili, Hamas na Israel. Hayo mengine mawili yangeweza kungoja. Israel yenyewe imejadiliana na Hamas kupitia wasuluhishi: mwaka 2011 wafungwa 1,027 kwa askari mmoja, Gilad Shalit, na mwaka 2025 mateka na usitishaji vita kupitia Misri, Qatar na Marekani. Njia ipo na wameshaipita. Naomba itumike na kwa mipaka, wakimbizi na Jerusalem, badala ya kungoja mateka wengine.