Ukimsoma mwanamke kitabuni, tazama anamwambia nani

Mara ya kwanza nilisoma riwaya ya Rosa Mistika nikiwa kidato cha tatu, na nilikisoma vibaya. Mwalimu alitutaka tutafute funzo. Tulilipata upesi: msichana asiyejitunza huishia pabaya. Tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapewa alama zetu, tukamsahau Rosa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na binti wa miaka 12 nyumbani, nilikikuta tena kitabu kile kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Mwanga, Kigoma, jalada limeng'oka. Nilikianza jioni ile ile baada ya kufunga banda langu la vitenge. Sikwenda mbali. Nilipofika pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, nilikiweka chini nikatoka nje kuvuta hewa. Shuleni nilikipita kipigo kile kama mtu anavyoruka mfereji. Sasa nilikiona ndicho mlango wa kila kilichofuata. Rosa hana mtu wa kumwambia neno. Baba analewa na kupiga, mama yake Regina anaishi chini ya hofu hiyo hiyo, na barua ya kwanza maishani mwake imemletea fimbo. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikitoa mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, ati kitawaharibu wasichana. Mimi nasema wakisome kina baba kwanza.

Kuanzia siku ile nina kawaida moja, na ndiyo ninayotaka kukupa wewe unayependa kusoma habari za wanawake, ziwe riwaya au maisha ya kweli. Kabla hujasema huyu mwanamke ni mwema au mbaya, jasiri au mjinga, tafuta anazungumza na nani. Kama hana wa kuzungumza naye, hilo nalo ni jibu.

Kawaida hii ilinikolea Ujiji, kwenye eda ya jirani wa mama yangu. Mumewe alifariki ghafla, na mimi huwa sijui la kusema kwa mfiwa. Kwa hiyo nilikwenda na kitabu, nimekifunga ndani ya kanga: Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, ambayo kwa Kifaransa ilitoka mwaka 1979. Ramatoulaye, mjane, yumo ndani anakaa eda, naye anamwandikia rafiki yake wa tangu utoto, Aissatou. Anamweleza jinsi mumewe Modou, baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, alivyooa msichana aliyekuwa akisoma pamoja na binti yao.

Nikiri kwamba niliogopa. Mtu yuko kwenye msiba, unampelekea msiba mwingine? Lakini macho yake hayakuona vizuri maandishi madogo, akaniomba nimsomee. Ikawa desturi yetu: baada ya alasiri nakaa jamvini, nasoma kurasa tano au sita, yeye anachambua mchele au ananyoosha miguu tu. Siku nyingine alisinzia. Siku nyingine alinikatiza kila mstari. Tulipofika pale shemeji wa Ramatoulaye, Tamsir, anapokuja siku ya arobaini kumwambia kwamba atamuoa yeye, kana kwamba anakuja kuchukua baiskeli ya marehemu, mama yule aliniambia, "Rudia hapo, mwanangu." Nikarudia. Ramatoulaye, aliyenyamaza miaka yote, anafungua kinywa na kumwambia shemejiye yote yaliyomjaa moyoni. "Rudia tena."

Nilisoma mara tatu. Kisha akanyamaza kitambo, akaanza kunisimulia mambo ya nyumba ile ambayo mama yangu, jirani yake wa miaka 30, hakuwahi kuyasikia. Hayo sitayaandika hapa. Nilichojifunza ni kwamba hakuwa akijibu maswali yangu, maana sikuuliza hata moja. Alikuwa akimjibu Ramatoulaye.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu kitabu, usitazame kwanza sifa za kitabu. Mtazame mtu. Umemwona yuko wapi maishani? Na ukishampa, usimdai funzo. Usimuulize "umejifunza nini?" kama mwalimu wangu. Muulize ni wapi alipotaka kurudia. Tena usimwambie mwisho. Mimi niliwahi kumwambia shoga yangu mwisho wa Rosa Mistika, naye hakukimaliza, na kosa ni langu.

Kuna vitabu ambavyo mwanamke hakushika kalamu mwenyewe, na hivyo nakusihi usivisome haraka. Wasifu wa Siti Binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, uliandikwa na Shaaban Robert, mwanamume wa Tanga, baada ya kukutana na Siti mwenyewe katika uzee wake. Napenda kitabu kile kupita kiasi. Nilikisoma ndani ya treni kutoka Tabora kurudi Kigoma, na palinigusa pale kwa sababu babake Siti alikuwa wa asili ya Kinyamwezi. Binti aliyezaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, aliyetembea na vyungu kuuza mjini Unguja, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake kwenye santuri. Shaaban Robert anampa heshima kubwa, anamvika kilemba. Lakini niliposhuka stesheni nilikuwa bado nauliza: alipokuwa peke yake, bila mshairi mbele yake, Siti alijisimuliaje? Usiogope kukipenda kitabu huku ukiwa na swali la namna hiyo. Swali si utovu wa adabu.

Sayyida Salme, bintiye Sultani Seyyid Said wa Unguja, alishika kalamu mwenyewe. Alijifunza kuandika kwa siri akiwa msichana Unguja, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana wanawake wa jumba lile walifundishwa kusoma tu. Kumbukumbu zake zilichapwa Ujerumani mwaka 1886, na mwanzoni alikuwa akiwaandikia watoto wake, waliokulia ugenini bila kuijua nyumba ya mama yao. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini anaeleza vyakula na mavazi kwa urefu vile. Lakini anapoutetea utumwa wa kwao simfuati, na sioni haya kusema hivyo. Mwanamke kuonewa hakumfanyi asimwonee mwingine.

Na sisi wa Kigoma tuna kitabu chetu, In the Shadow of Man cha Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, ingawa wengi hawakijui kwa kuwa kiko kwa Kiingereza. Goodall alifika kwetu Julai 1960 kwenda kuangalia sokwe wa Gombe. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake, ndipo akaja na mama yake, Vanne. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia Kongo, na mama na binti wakajikuta wakisaidia kutengeneza sandwichi 2,000 za nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi. Nilisoma sehemu hiyo nikiwa na kamusi pembeni, nikatazama bandari kwa macho mengine, maana wakimbizi tumewaona wenyewe na kuishi nao. Goodall alifariki Oktoba 2025, na dunia nzima ilizungumza habari za sokwe. Mimi nilimkumbuka Vanne, aliyewapa wavuvi dawa pale kambini. Katika maisha ya mwanamke mashuhuri, mtafute mwanamke wa pili. Karibu kila mara yupo, amesimama kando na birika.

Kama hujawahi kusoma kitabu cha namna hii, anza na kile cha Mariama Bâ. Ni kifupi, na ni barua, kwa hiyo utakisoma kama umeandikiwa wewe. Rosa Mistika kisome ukiwa na mtu wa kuzungumza naye baadaye, hasa kama unampa binti. Wangu nilimpa alipofika 16, tukasoma kila mtu na nakala yake. Alipofika kwenye kile kipigo alikuja jikoni nikiwa nakaanga migebuka kwa mawese, akasimama mlangoni bila kusema. Nilitegua kikaango, tukakaa kizingitini hadi giza likaingia.

Nakala yangu ya Barua Ndefu sasa iko Kibirizi, kwa mama mmoja anayeanika dagaa. Ni mwezi wa tatu. Juzi nilimuuliza kama amemaliza, akasema amefika kwa Tamsir na hajapata nafasi ya kwenda mbele, kwa sababu wenzake pale mchangani wanataka awasomee tena.