Vumbi la Pwani Ndani ya Kompyuta: Liondoe Kabla Halijaganda

Vumbi la Mombasa lina chumvi. Upepo wa bahari huiingiza chumvi hiyo ndani ya nyumba, ikachanganyika na vumbi la barabara, nyuzi za nguo na moshi wa jikoni. Na kwa kuwa chumvi hufyonza unyevu, mchanganyiko huo unanata. Ndani ya kompyuta ya mezani huziba njia ya hewa na kula chuma kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kupuliza mara moja kwa mwaka hakutoshi huku kwetu. Mashine iliyo karibu na dirisha linalotazama bahari kule Nyali, au kando ya njia ya malori Changamwe na Miritini, ifunguliwe kila miezi 3. Iliyo mbali na vyote viwili inaweza kungoja miezi 6.

Anza na mahali ilipowekwa. Dirisha lililotulia wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, laweza kuwa ndilo linaloingiza vumbi kusi ikianza kuvuma, basi chagua ukuta usiopigwa na upepo msimu wowote. Usiiweke sakafuni, maana kila fagio linapopita, feni ya mbele huvuta; kigoda cha sentimita 30 kinasaidia sana. Acha sentimita 15 kati ya mgongo wa kasha na ukuta, na kama meza ina kabati la kufungwa, toa ubao wa nyuma. Chetezo cha udi kikae chumba kingine. Moshi wa udi una utomvu, na utomvu ukishatua kwenye feni hauondoki kwa kupulizwa. Kitambaa cha kufunikia ni kizuri mashine ikiwa imezimwa na imepoa, kamwe si ikiwa inafanya kazi.

Wengi hutoa ubavu wa kasha kwa sababu ya joto. Urudishe. Kasha limeundwa hewa iingie mbele na kutokea nyuma na juu. Likiwa wazi mkondo huo huvunjika, vumbi hutua moja kwa moja kwenye bodi, ule ubao mkuu wa saketi, na mijusi na mende hupata makao. Matundu ya kadi zisizotumika yazibwe kwa vibati vyake. Feni za kuingiza hewa zikizidi kidogo za kutoa, hewa italazimika kupita kwenye vichujio badala ya kunyonywa kupitia kila ufa. Ukitaka kujua feni inapeleka wapi, sogeza kipande cha tishu: kikivutwa, inaingiza, kikisukumwa, inatoa. Vichujio vioshwe kila wiki 2, vikauke kabisa ndipo virudi.

Siku ya kusafisha, zima, chomoa plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki ndani uishe. Piga picha ya waya zilivyokaa kabla hujazitoa. Fanyia kazi barazani au uani. Vifaa ni bisibisi ya nyota, brashi mpya ya rangi ya inchi 1 yenye nywele laini, mswaki, vijiti vya pamba, blowa ndogo, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Na usiipeleke kwa fundi wa pancha akupulizie kwa kompresa: hewa yake hubeba matone ya maji na mafuta, na nguvu yake huweza kung'oa vipande vidogo kwenye bodi.

Brashi itangulie, blowa ifuate. Blowa peke yake hupeperusha vumbi la juu na kuacha lile lililoganda, na hilo ndilo linaloharibu. Kila feni ishike kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi beringi huumia na feni yenyewe huweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye bodi.

Sehemu inayosahaulika ni hitisinki, chuma chenye mbavu kinachoondoa joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kati ya feni yake na zile mbavu za chuma hujengeka tabaka la vumbi kama blanketi, na huwezi kuliona mpaka utoe feni. Mara nyingi feni imeshikwa na skrubu 4 au vibanio. Itoe, hitisinki ibaki mahali pake, upitishe mswaki mkavu kati ya mbavu. Ukilazimika kuitoa hitisinki, washa mashine dakika chache kwanza ili pesti, ule ute unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, ilainike, zima na uchomoe tena, kisha izungushe kidogo huku na huku kabla ya kuinua. Ukiivuta kwa nguvu, prosesa zenye pini upande wa chini huweza kung'oka nayo. Pesti ya zamani isirudiwe: futa kwa alkoholi, weka mpya kiasi cha punje moja ya pojo katikati.

Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, pulizia kupitia matundu yake tu. Usiifungue, kwani kapasita zake, vipande vya kuhifadhi umeme, hushika chaji hata ikiwa imechomolewa.

Kisha toa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, ufute meno yake ya dhahabu kwa kijiti kilicholowa alkoholi. Ukiona ukijani kwenye meno au matundu ya waya, hiyo ni kutu ya chumvi. Kifutio cha penseli hukwangua dhahabu na kuacha chembe, kiache.

Ngoja dakika 15 alkoholi ikauke, funga, washa, uangalie joto kwa programu ya vipimo. Chumba kikiwa na nyuzi 31, prosesa iliyotulia kwenye 45 hadi 55 ni kawaida. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia 95 hadi 100, kwa hivyo ikifika huko kwa kazi ndogo, ama feni haizunguki au hitisinki haijakaa sawa. Ikilia bipu bila kuonyesha picha, zima, chomoa, uikalishe RAM upya mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge.